Maksai wa Alfajiri

24 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha jana. Leo asubuhi polisi wamemkamata mdogo wangu Abeli shambani, ameshika plau nyuma ya maksai wawili wa mzee Loth. Wanasema kawaiba. Hebu niambieni, mwizi gani anaiba ng'ombe halafu anakwenda kulima nao shamba la baba yake, jirani kabisa na mwenye ng'ombe, jua limetoka na watu wanampita barabarani wakimpa pole ya kazi? Swali hilo nimeliuliza kituoni. Nikaambiwa nikae kwenye benchi. Nimekaa mpaka mchana, nimerudi chumbani kwangu mjini na hasira zangu zote, na viatu vimejaa tope.

25 Novemba

Leo niandike kwa utaratibu, maana nikifoka tu nitasahau.

Kijijini kwetu, nje kidogo ya Sumbawanga, ng'ombe wa kulimia wanaazimwa kwa mdomo. Unakwenda kwa mwenye nao, mnaongea, anakubali. Siku ikifika unaingia zizini alfajiri, unawatoa, unaenda zako. Hugongi mlango. Ukimwamsha mzee wa watu kumuuliza jambo alilokwisha kulikubali, umemwambia kwamba humwamini. Baba amefanya hivyo tangu ujana wake, na Abeli kafanya hivyohivyo. Jumamosi mzee Loth alimwambia, "Chukua Jumatatu, kijana wangu, kabla mvua haijakuzidi." Mama alikuwepo, kasikia kwa masikio yake.

Kumbe Jumapili mtoto wa mzee Loth, yule Raymond anayekaa mjini, alifika nyumbani na mnunuzi wa ng'ombe. Hakuwa amemwambia baba yake lolote. Alfajiri anampeleka mgeni zizini, zizi tupu. Aibu ikamshika. Badala ya kumwamsha baba yake amuulize, akapiga simu polisi: tumeibiwa!

Na mzee Loth? Askari walipomuuliza, alijibu kwamba hakuona ng'ombe wakitolewa. Kweli hakuona, alikuwa amelala! Basi. Hakuongeza neno. Raymond ni mtoto wake wa pekee na alikuwa amesimama hapo pembeni, kwa hiyo mzee mzima akatazama chini, na mdogo wangu akapandishwa gari la polisi na matope yake miguuni.

Nimeapa. Mzee Loth hapati shikamoo yangu tena mpaka nakufa.

27 Novemba

Mahakamani. Amesomewa shitaka la wizi wa mifugo, akakana. Dhamana ipo: wadhamini wawili, kila mmoja awe na kitambulisho cha taifa na barua ya mtendaji wa kijiji. Baba mdogo Christopha alikuja, na jirani mwingine, watu wazima na heshima zao. Barua hawana, kwa sababu mtendaji yuko semina na muhuri kaufungia kabatini.

Muhuri upo kabatini, Abeli yupo mahabusu. Kesi itatajwa tena 11 Desemba.

"Kutajwa si kusikilizwa," Bi Victoria alinieleza. Ndiye mkuu wa ofisi yetu ya msaada wa sheria. "Linaitwa jina, upande wa mashtaka wanasema upelelezi umefika wapi, inapangwa tarehe nyingine. Shahidi haitwi."

"Kwa hiyo hakuna atakayemuuliza mzee Loth kama aliwaazimisha?"

"Bado. Hayo ni ya kwenye kesi yenyewe."

"Na kesi yenyewe lini?"

Akanitazama kwa huruma. Sipendi kutazamwa hivyo.

30 Novemba

Mvua. Shamba limelimwa nusu. Plau bado iko palepale ilipoachwa.

2 Desemba

Kazi yangu pale ofisini ni fomu. Mtu anafungua kwenye simu au kwenye kompyuta yetu, anajibu maswali kwa Kiswahili cha kawaida, mwishoni inatoka barua ya maombi iliyonyooka, tayari kupelekwa mahakamani. Ombi la dhamana, ombi la nakala ya maelezo ya mlalamikaji, na kadhalika. Sisi ni wasaidizi wa sheria, si mawakili, mahakamani hatusimami. Lakini angalau mtu asiingie kwa hakimu na karatasi aliyoandikiwa na mtu wa barazani asiyejua hata anaomba nini.

Fomu ya migogoro ya ardhi ilikuwa imekwisha. Ya jinai ndiyo nilikuwa sijaianza, na ndiyo ninayoitaka kwa ajili ya Abeli. Nimechukua ile ya ardhi nikainakili nzima, nikabadilisha kichwa na maswali ya mwanzo. Kwa siku moja ikawa tayari.

"Usiharakishe, Coleta," Bi Victoria akasema.

Nikamjibu kwamba mdogo wangu hakuwekwa ndani polepole. Najua nilikosa adabu.

4 Desemba

Baba kaja mjini. Nikamketisha mbele ya kompyuta aijaribu fomu mpya, maana kama mzee Evaristi ataiweza, basi Ufipa nzima itaiweza. Alivaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja. Mimi nikaenda kwenye mashine ya kutoa nakala, kulikuwa na foleni. Niliporudi alikuwa amesimama, kofia kichwani.

"Imekubali, baba?"

"Imenielekeza," akasema.

Watu walikuwa wananiita. Sikumuuliza imemwelekeza nini.

7 Desemba

Nimempelekea Abeli samaki, migebuka, na ugali wa ulezi. Kala haraka, huku akitazama mlangoni. Kauliza habari za plau kabla ya kuuliza habari za mama.

11 Desemba

Leo barua za mtendaji zilikuwepo, zote mbili, na muhuri wake. Wadhamini wamevaa makoti. Mama alikuwa amembebea Abeli shati la kubadilisha, kwa kuwa tulijua anatoka. Mwendesha mashtaka akasimama. Akasema upelelezi haujakamilika. Sawa. Kisha akasema anapinga dhamana, kwa sababu familia ya mshtakiwa imeanza kuingilia mashahidi. Siku mbili zilizopita, akasema, baba wa mshtakiwa alikwenda nyumbani kwa shahidi, mzee Loth, na mtungi wa pombe ya ulezi, kumwomba radhi ili yaishe.

Nikageuka kumtazama baba. Nilitaka kumwona anatikisa kichwa. Alikuwa anatazama vidole vyake.

Hakimu kazuia dhamana mpaka upelelezi ukamilike. Abeli akarudishwa ndani. Mama akabaki na shati mkononi.

Pale nje nilimfokea baba mbele za watu. Niandike nilichosema, nisijipendekeze kwenye daftari langu mwenyewe. Nilisema, "Umemfunga mwanao kwa mikono yako! Umempelekea radhi ya nini? Abeli kafanya kosa gani la kuombewa radhi?" Nilisema, "Watu wa kijijini nyie mnadhani kila kitu ni pombe!" Mimi, niliyesomeshwa kwa ulezi huohuo. Baba mdogo Christopha akanishika mkono nikautoa.

Baba hakunijibu kwa hasira. Alisema, "Sikuomba radhi. Nilikwenda kusuluhisha. Si ndivyo ile fomu yako ilivyotaka?"

Nilidhani amechanganyikiwa. Nikamwacha kwenye mvua nikaondoka.

12 Desemba

Hakuchanganyikiwa.

Nimefika ofisini kabla ya wenzangu, nikaifungua fomu ya jinai na kuijaza kama ningekuwa baba. Jina. Namba ya shauri. Uhusiano na mshtakiwa. Ukurasa wa tatu: *Je, mmekwisha kujaribu kusuluhishana na upande wa pili?* Nikabonyeza Hapana. Ikatoka: *Ombi lako haliwezi kuendelea. Nendeni kwanza mkajaribu usuluhishi, kisha urudi.* Na fomu ikafunga.

Ukurasa ule ni wa ardhi. Mgogoro wa ardhi lazima uanzie kwenye usuluhishi wa kata, sheria ndivyo inavyotaka. Kwenye jinai, ndugu wa mshtakiwa kumfuata shahidi ni kujitafutia balaa. Niliunakili pamoja na vingine, sikuusoma. Nilikuwa na haraka, na hasira.

Na baba, mtu anayeheshimu kila karatasi yenye nembo, akaambiwa nenda kasuluhishe. Sasa Mfipa wa umri wake anasuluhishaje? Anaingia kwa jirani mikono mitupu? Alirudi nyumbani akamwambia mama aloweke ulezi, na mama akatafuta kimea kwa majirani ili pombe iwahi kuiva. Kisha akajitwika mtungi mwenyewe, njia nzima, utelezi wote ule. Alitii. Alinitii mimi.

Nimemwonyesha Bi Victoria. Kaisoma mpaka mwisho. "Ifute leo," akasema. Halafu, "Wangapi wengine wameijaza?"

Ni baba tu. Nimeufuta ukurasa. Nimekwenda chooni nikalia kwa hasira mpaka mtu akagonga.

14 Desemba

Nimekwenda nyumbani. Nikapiga magoti mbele ya baba. Akasema, "Simama, utachafua sketi." Ni hayo tu. Bora angenichapa.

25 Desemba

Mapadri walihubiri amani. Niliketi nyuma, nikatoka kabla ya komunyo kwa sababu Raymond alikuwa mbele na shati jipya.

29 Desemba

Ilikuwa kutajwa. Upelelezi haujakamilika.

8 Januari

Haujakamilika. Mvua.

22 Januari

Haujakamilika. Wanapeleleza nini? Ng'ombe wapo, wanakula nyasi zizini kwa mzee Loth, kila mtu anawaona! Mnunuzi kakataa kununua mali yenye kesi, kwa hiyo Raymond hajapata hata hicho alichokitaka. Mahindi ya wenzetu yamefika magotini. Sisi tuna nusu shamba la mahindi na nusu shamba la majani.

Ukungu tangu asubuhi. Abeli kakonda, kakohoa muda wote niliokuwa naye.

5 Februari

Upelelezi umekamilika! Usikilizwaji wa awali utakuwa 19 Februari.

Nimemwomba Bi Victoria anifundishe jambo hilo kama mtoto wa darasa la kwanza, maana kujidai kwangu kumetugharimu. Kasema siku hiyo mwendesha mashtaka atasoma maelezo ya kesi, jambo moja baada ya jingine. Hakimu atamuuliza Abeli lipi anakubali na lipi anabisha. Atakayoyakubali yataandikwa, atasaini, na hayatahitaji shahidi tena. Atakayoyabisha, upande wa mashtaka itabidi wayathibitishe.

"Wengi wanakosea hapo," akasema. "Mmoja anakubali kila kitu kwa woga. Mwingine anakana kila kitu, hata jina lake."

15 Februari

Jumapili, nilikuwa nyumbani. Namsaidia mama kuchambua maharage ya mbegu, naye anaongea kama anaongea na maharage.

"Lakini Loth aliinywa," akasema.

"Aliinywa nini?"

"Pombe ya baba yako. Nilikuwepo. Baba yako akaonja kwanza, akamchotea. Loth akashika kata kwa mikono miwili, akanywa, akairudisha. Wakanywa mpaka mtungi ukaisha. Hawakuongea neno la ng'ombe. Loth alikuwa anatokwa machozi."

Nikaacha maharage. Hapa kwetu hata mtoto mdogo analijua hili: huwezi kunywa kata moja na mtu aliyekuibia, wala na baba yake, mpaka mali irudi na mambo yasemwe hadharani. Ukinywa, umesema kwamba huna dai naye. Bibi yangu alikufa hajawahi kugusa pombe ya mtu fulani kwa sababu ya kuku mmoja.

"Mama! Miezi yote hii kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unafoka," akasema. "Mtu anayefoka anaambiwa nini?"

17 Februari

Nimemwona Abeli mahabusu. Nimempitisha kwenye yote: jina, kijiji, tarehe, kuwatoa maksai zizini, pombe ya baba. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na kama jambo ni nusu kweli, dada?"

"Unasema ni nusu ipi."

19 Februari

Chumba kimejaa, watu wanakausha makoti kwa joto la miili yao. Nusu ya kijiji ilikuja. Raymond alikaa karibu na dirisha.

Mwendesha mashtaka akasoma. Kwamba mshtakiwa anaitwa Abeli Evaristi, mkulima. "Nakubali." Kwamba alfajiri ya 24 Novemba aliwatoa maksai wawili zizini kwa mzee Loth. "Nakubali, mheshimiwa." Mtu nyuma yangu akaguna. Kwamba aliwatoa bila ridhaa ya mwenye mali. "Nabisha. Mwenyewe aliniambia Jumamosi." Kwamba 9 Desemba baba yake alipeleka pombe ya ulezi kwa mzee Loth kuomba radhi kwa wizi huo.

Abeli akanyamaza. Nilidhani amesahau, nilidhani woga umemshika.

"Mheshimiwa, hilo ni nusu," akasema. "Baba alipeleka pombe. Nakubali. Kuomba radhi, nabisha. Na naomba iandikwe kwamba mzee Loth aliinywa."

Mwendesha mashtaka akasema kwamba hilo halina uhusiano na shauri. Lakini kwenye mabenchi ulipita mnong'ono, na si mnong'ono wa kawaida. Wazee waligeuka kutazamana. Mama mmoja alisema kwa sauti, "Aliinywa?" mpaka karani akamnyamazisha. Hakimu, ambaye si mtu wa huku, akatazama mabenchi, akamtazama Abeli, akaandika.

Raymond akatoka nje. Alikuwa amekwisha kuelewa, maana naye ni mtoto wa hapa.

25 Februari

Habari kutoka nyumbani: watu wamempitia mzee Loth mbali. Jumapili alikaa peke yake kwenye benchi kanisani. Kwenye kupalilia hakualikwa. Kila mtu anauliza swali lilelile: uliinywaje pombe yao kama ni wezi, na kama si wezi, kijana yuko ndani kwa nini?

Nimefurahi. Naandika ukweli, nimefurahi sana.

3 Machi

Leo alikuja ofisini. Mvua imempiga, fimbo mkononi, kofia kaivua. Akasimama mbele ya meza yangu akisubiri nimwamkie. Sikumwamkia.

"Coleta," akasema, "nimekuja kujaza fomu. Niseme kwamba maksai walitolewa kwa ridhaa yangu."

Miezi yote hiyo nimeota mtu huyu anasema maneno hayo. Vidole vyangu vilikuwa juu ya kompyuta. Ningeandika mimi mwenyewe, ukurasa mzima, kwa dakika tano, aweke dole gumba, na Abeli atoke! Lakini mzee Loth ni shahidi wa upande wa mashtaka, na mimi ni dada wa mshtakiwa. Nikimgusa, tumerudi kwenye mtungi wa pombe.

"Siwezi kukujazia," nikasema.

"Umekasirika."

"Nimekasirika sana. Lakini sikujazii kwa sababu hairuhusiwi. Nenda kwa mwendesha mashtaka, au kituoni walikoandika maelezo yako. Peke yako. Waambie unataka kuandika maelezo ya nyongeza. Ulivyokuja kwa miguu yako hapa, fika na huko."

Akatazama chini, vilevile alivyotazama siku ya askari. Nikapandwa na hasira. "Mzee Loth! Kwa nini hukusema siku ileile? Maneno mawili tu!"

"Mtoto wangu angeitwa mwongo mbele ya polisi," akasema. "Nikadhani kesho yake tutayamaliza nyumbani. Kesho ikapita."

"Na mtoto wa mwenzio?"

Akavaa kofia. Bi Victoria akamsindikiza mpaka mlangoni na kumwonyesha njia kwa mkono, bila kutoka naye. Mimi nilisimama dirishani nikaangalia anaelekea wapi. Alisimama njia panda muda mrefu. Halafu akapinda kuelekea kituoni.

5 Machi

Mwendesha mashtaka ameomba kuliondoa shitaka. Hakimu kakubali. Abeli akaulizwa kama ana la kusema, akasema hana.

Mama alikuwa na lile shati. Limempwaya.

8 Machi

Nyumbani, Jumapili. Mahindi hatuna ya kutosha, lakini maharage bado yanapandika, na ile nusu ya majani inaweza kulimwa. Mzee Loth katuma neno: maksai wapo, Abeli achukue kesho.

Jioni Abeli akaniambia, "Dada, nitengenezee fomu ya kuazima ng'ombe. Yeye asaini, na mimi nisaini."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Hiyo sitengenezi," nikasema. "Nitatengeneza za dhamana mpaka nizeeke. Hiyo hapana." Nikatoka nje, maana nilikuwa nataka kuvunja kitu na hapakuwa na cha kuvunja. Raymond yuko mjini, hakuna aliyemshitaki kwa lolote, na hiki alichokiiba hakina kifungu cha sheria.

9 Machi

Nilikwenda naye alfajiri. Ukungu, baridi, tope. Maksai walimjua, wakaja wenyewe mpaka kwenye mlango wa zizi wakimnusa mkono. Angevuta gogo moja tu. Hakulivuta. Alipita zizi, akaenda mpaka kwenye nyumba, akagonga mlango.

Aligonga mara ya pili. Mzee Loth akatoka na blanketi mabegani.

"Si nilikwambia uchukue?"

"Uliniambia, mzee."

"Sasa?"

"Watoe mwenyewe. Dada aone."

Mzee Loth akamtazama sana. Kisha akashuka kwenye tope miguu mitupu, akavuta gogo, akawatoa maksai mmoja mmoja, akaiweka kamba mkononi mwa Abeli. Abeli akaipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akaondoka bila kugeuka.

Tukabaki wawili. Alikuwa anasubiri shikamoo, na mimi nilikuwa nimeapa. Nikafunga mdomo.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akaingia ndani akafunga mlango.